Anthony Lucas: Kutoka jeshi la majini hadi kisima cha mafuta

ASKARI anapovua magwanda, swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: sasa atafanya kazi gani? Kiinua mgongo huisha mapema, na cheo cha kambini hakilipi ada ya shule. Wapo wanaotupia macho sekta ya mafuta na gesi kwa kuwa inasifika kwa mishahara minono. Anthony Francis Lucas alifika huko, lakini ilimchukua miaka zaidi ya 20.

Lucas alizaliwa mwaka 1855 katika pwani ya Dalmatia, iliyokuwa chini ya dola ya Austria na ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Jina la ukoo wake lilikuwa Lučić. Alisomea uhandisi mjini Graz, kisha akaingia chuo cha jeshi la majini. Mwaka 1878 alipata cheo cha luteni usu.

Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kumtembelea ami yake katika jimbo la Michigan. Huko alipata kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, akipewa jukumu la kuboresha misumeno. Hakurudi tena jeshini. Alibadili jina kuwa Lucas, na mwaka 1885 akawa raia wa Marekani.

Miaka iliyofuata haikuwa ya neema kubwa. Alifanya kazi za uhandisi wa mitambo na migodi, akajaribu pia kutafuta dhahabu huko Colorado. Mwaka 1893 aliajiriwa kama mhandisi wa mgodi wa chumvi katika jimbo la Louisiana, na hapo ndipo maisha yake yalipoanza kugeuka.

Katika machimbo hayo Lucas aligundua jambo ambalo wengi hawakulijali. Chini ya vilima vidogo vya eneo hilo kulikuwa na miamba mikubwa ya chumvi iliyojisukuma juu kutoka ardhini, na pembeni mwake mara nyingi palionekana salfa, gesi na dalili za mafuta. Aliona kwamba chumvi hiyo huziba njia, hivyo mafuta yanayopanda hukwama kando yake au juu yake.

Mwaka 1899 mkazi wa mji wa Beaumont, Texas, aitwaye Pattillo Higgins, alitangaza kutafuta mtu wa kuchoronga kisima katika mwinuko wa Spindletop. Higgins alikuwa ameamini kwa miaka mingi kuwa kuna mafuta pale, ila majaribio ya awali yalishindwa na watu wakamcheka. Beaumont ulikuwa mji wa mbao, mpunga na ng'ombe. Lucas alipouona mwinuko ule alitambua umbo alilolizoea Louisiana. Alikodi ardhi, na Higgins akaahidiwa asilimia 10.

Kisima cha kwanza kilifika futi 575 tu, kama mita 175, kisha bomba likaharibika na fedha zikaisha. Mtaalamu wa kampuni ya Standard Oil alifika, akatazama, akasema hapakuwa na mafuta ya kutafuta. Hata hivyo, profesa mmoja wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, William Phillips, aliona hoja ya Lucas ina mashiko, akamuunganisha na wafanyabiashara James Guffey na John Galey wa Pittsburgh. Hao walikopa dola 300,000 kwa akina Mellon, familia ya mabenki.

Mtaji ulipatikana, lakini kwa bei kubwa. Katika mkataba mpya, Lucas aliyekodi ardhi na kuleta utaalamu alibaki na moja ya nane tu. Higgins hakuwamo kabisa. Baadaye alikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya nje.

Uchorongaji ulianza Oktoba 1900 chini ya ndugu wa ukoo wa Hamill, mafundi kutoka Corsicana. Mchanga laini ulikuwa ukiporomoka na kuziba shimo. Inasimuliwa kwamba waliswaga ng'ombe ndani ya bwawa ili wavuruge maji yawe tope zito, wakalisukuma tope hilo kisimani, nalo likashikilia kuta.

Januari 10, 1901, kisima kikiwa kimepita futi 1,000, matope yalianza kububujika na mabomba yakarushwa nje. Pakatulia kidogo. Kisha gesi ikavuma na mafuta yakaruka juu kupita kilele cha mtambo. Ilikadiriwa kuwa mapipa 100,000 yalitoka kwa siku, na ilichukua siku tisa kukifunga kisima.

Kilichofuata mkulima yeyote anakijua. Kila mwenye fedha alikimbilia kuchimba, visima vikasongamana, na bei ya pipa ikaanguka hadi senti tatu za dola, hata maji ya kunywa yakawa ghali kuliko mafuta. Mwaka 1902 Spindletop ilitoa mapipa milioni 17.5, lakini miaka miwili baadaye uzalishaji ulikuwa umeporomoka. Wengi waliokuja mwisho walipoteza akiba zao.

Lucas hakusubiri. Alimuuzia Guffey sehemu yake kwa dola 400,000 pamoja na hisa, akaendelea na kazi ya ushauri, ikiwamo miaka kadhaa nchini Mexico. Kampuni ya Guffey ndiyo iliyozaa Gulf Oil, moja ya kampuni kubwa za karne ya 20. Lucas alifariki dunia mjini Washington mwaka 1921. Mwaka 1936 ilianzishwa medali kwa jina lake, ya kuwaenzi wahandisi wa mafuta.

Watu wa Texas walimwita Kapteni hadi mwisho, ingawa cheo hicho hakikumpa kazi hata moja. Kazi alizipata kwa ufundi aliotoka nao jeshini, na kwa kukubali kuanza upya kwenye mbao na chumvi mpaka akaijua ardhi. Pale alipopungukiwa mtaji ndipo alipolazimika kutoa sehemu kubwa ya jasho lake. Anayestaafu leo akiwa na ujuzi na akiba kidogo afanye hesabu hiyo mapema, kabla hajaketi mezani kutia saini mkataba wa ubia.