Raiffeisen na Dhamana ya Jirani

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo nchini Kenya anapotafuta wadhamini miongoni mwa wenzake, huenda hajui kwamba utaratibu huo una uhusiano na meya mmoja wa mashambani huko Ujerumani.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika kijiji cha Hamm, kando ya mto Sieg, akiwa mtoto wa saba kati ya tisa. Alijiunga na jeshi akiwa kijana, lakini maradhi ya macho yalimlazimu kuliacha mwaka 1843, akaingia katika utumishi wa serikali ya Prussia.

Mwaka 1845 alikuwa meya wa Weyerbusch. Mavuno yaliharibika, na majira ya baridi ya 1846 hadi 1847 yakaleta njaa. Serikali ilitoa unga kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Mwenye njaa angeitoa wapi? Raiffeisen alilikaidi sharti hilo. Aliwashawishi wenye uwezo wachange, likajengwa tanuri la pamoja, na maskini wakapewa mkate kwa deni.

Huko Flammersfeld, mwaka 1849, matajiri wapatao 60 walidhamini mikopo ili wakulima wanunue ng'ombe bila kuangukia mikononi mwa wala riba. Mwaka 1854 alianzisha chama kingine cha hisani, Heddesdorf. Hapo ndipo kasoro ilipojitokeza wazi: waliobeba hatari hawakuwa wakopaji, na wakopaji hawakuwa na sauti. Wafadhili wakachoka. Raiffeisen, aliyeamini mno katika hisani, alikubali shingo upande kwamba hisani peke yake haidumu. Mwaka 1864 aliunda chama kipya ambamo kila mkopaji sharti awe mwanachama.

Chama cha namna hiyo hakikuvuka mipaka ya eneo dogo, ili watu wajuane kwa tabia na mali. Mkutano mkuu ndio uliochagua halmashauri ya uongozi pamoja na baraza la kuikagua. Viongozi hao hawakulipwa mshahara. Mweka hazina pekee ndiye aliyepewa ujira. Faida ilihifadhiwa katika mfuko usiogawanywa. Lililokuwa zito zaidi ni dhima: madeni ya chama yalimwandama kila mwanachama hadi kwenye shamba na mifugo yake. Ukali huo ulikuwa na maana. Aliyejua kwamba huenda akalipia uzembe wa mwenzake alihudhuria mkutano na kuuliza maswali.

Hermann Schulze-Delitzsch, mwanaushirika wa mijini, alimpinga vikali katika miaka ya 1870. Yeye alitaka hisa, gawio na mikopo ya muda mfupi. Yawezekana iliwafaa mafundi na wachuuzi. Mkulima hawezi kuiharakisha ngano.

Mkewe Raiffeisen alifariki mwaka 1863, na mwaka 1865 afya mbovu ilimstaafisha. Kwa kuwa alikaribia kupofuka, bintiye Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia, kikiwemo kitabu cha 1866 kilichoeneza vyama hivyo. Baba alimkatalia ruhusa ya kuolewa, akabaki kuwa mwandishi wake. Sifa aghalabu hupewa baba pekee, na hiyo si haki.

Raiffeisen alifariki tarehe 11 Machi 1888. Mwaka uliofuata sheria mpya ya Ujerumani iliruhusu vyama vya ushirika vyenye dhima yenye kikomo.