Cherry Kearton: Aliyejificha ndani ya ng'ombe kupiga ndege picha

Ukimwona chozi akinyonya maua nje ya ploti yenu, unatoa simu na kubonyeza mara ishirini. Kumi na tisa zikiharibika unazifuta, hiyo moja nzuri unaipandisha mtandaoni, na chai yako bado ina moto.

Sasa jiweke Uingereza mwaka wa 1892. Kamera ni sanduku la mbao linalosimama kwa miguu mitatu. Kila picha inahitaji kioo chake kilichopakwa dawa, na vioo vina uzito, kwa hivyo unabeba vichache tu. Ndege akitikisa kichwa, kioo kimeenda bure. Hiyo ndiyo kazi aliyoichagua Cherry Kearton, na kama umewahi kukesha ukitazama filamu za simba wa Maasai Mara, ujue yeye ni mmoja wa waliofungua hiyo njia.

Alizaliwa mwaka wa 1871 katika kijiji cha Thwaite, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ni nchi ya milima, kondoo na baridi kali. Kakake, Richard, alikuwa amemtangulia kwa miaka tisa, na alichechemea maisha yake yote kwa sababu ya jeraha la utotoni. Viota vya kwao walivijua kama wewe unavyojua matatu za mtaani kwenu. Baadaye wote wawili waliishia London wakifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji ya Cassell, na siku wakiwa huru walikuwa wanatoroka mji kwenda kutafuta ndege.

Enzi hizo, aliyependa ndege alibeba bunduki. Ulimpiga risasi, ukamjaza pamba, ukamweka kabatini, na mchoraji akamchora kutoka hapo. Mayai nayo yaliibwa viotani na kupangwa kwenye droo. Mwezi wa Aprili 1892, Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai cha ndege mmoja wa kahawia mwenye madoa kifuani, ndege wa kawaida tu anayeonekana hata kwenye bustani za nyumba za huko. Hakuna aliyeguswa. Richard alipoiona picha hiyo, akili yake iliruka mbele: mbona wasitoe kitabu kizima cha picha za namna hiyo? Kilitoka mwaka wa 1895, maneno ya Richard, picha za Cherry, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kilichojaa picha zilizopigwa porini kwenyewe.

Shida ilikuwa kumkaribia ndege mzima, maana lenzi za kuvuta mbali kama za leo hazikuwapo. Ndugu hawa walikuwa wamegundua kwamba ndege anamkimbia mtu lakini hana habari na ng'ombe. Basi wakatafuta ngozi ya ng'ombe dume, wakaivalisha kiunzi cha mbao, ndani kukabaki wazi. Mtu anaingia na kamera yake, anainama, lenzi inachungulia kupitia tundu, halafu anangoja. Saa nzima, saa mbili, jua linawaka, humo ndani hewa ni ya kuhesabu. Siku moja Richard alizimia na ng'ombe akaanguka naye, miguu juu. Picha ya kisanga hicho ipo. Walijaribu pia kondoo wa kutengeneza na gogo la uongo, na kwenye majabali ya bahari waliteremka kwa kamba.

Mwaka wa 1909 Cherry alifika hapa kwetu, safari hii akiwa na kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono. Wakati huohuo alikuwepo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Katika safari hiyo, iliyoendelea hadi Uganda, Congo na Sudan, Roosevelt na mwanawe Kermit waliangusha wanyama zaidi ya 500. Cherry alimrekodi Roosevelt, akarekodi pia maisha ya porini jinsi yalivyokuwa.

Lakini sikia hii. Kabla filamu yake haijatoka, kampuni moja ya sinema jijini Chicago ilimvalisha mwigizaji nguo za Roosevelt, ikanunua simba mzee na kumuua mbele ya kamera studioni, kisha ikaionyesha kama uwindaji wa Afrika. Watu walimiminika. Filamu ya kweli ya Cherry ilipotoka mwaka wa 1910, wengi waliiona imepooza kwa sababu hakuna simba aliyekufa humo. Unaona? Kiki za feki hazikuanza na TikTok.

Usimfanye malaika, lakini. Mwaka huo wa 1910 aliwarekodi Wamarekani waliokuja Kenya kukamata vifaru na simba kwa kamba, wakiwa juu ya farasi, jambo ambalo leo lingekuudhi. Alimchukua pia sokwe mtoto aliyeitwa Toto, akaishi naye London, akamwandikia kitabu. Nadhani alimpenda kweli. Sidhani Toto aliulizwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimrudisha Afrika Mashariki akiwa mwanajeshi. Vilipoisha alirudia kamera, na mojawapo ya kazi zake zilizopendwa sana ni ya pengwini wa kisiwa cha Dassen, Afrika Kusini, alikokaa na mkewe, mwimbaji Ada Forrest, wakiwatazama ndege hao siku baada ya siku. Richard alifariki mwaka wa 1928. Cherry alifuata tarehe 27 Septemba 1940, London ikiwa inapigwa mabomu na ndege za Ujerumani. Alikuwa ametoka kuzungumza na watoto kwenye redio ya BBC, akaanguka nje ya jengo hilo.