Bence Jones ni nani kwenye karatasi yako ya vipimo?

Mama, ukirudi Mutuka kutoka Muhimbili, walikoanza kupandikiza uloto mwaka 2021, na mgonjwa wako ana saratani ya mailoma, huenda ukaona maneno "Bence Jones" kwenye majibu. Usiogope, si ugonjwa wa pili. Ni jina la mtu.

Henry Bence Jones alizaliwa Suffolk, Uingereza, mwishoni mwa 1813. Alisomea udaktari London, kisha akaenda Ujerumani kujifunza kemia. Mwaka 1845 aliletewa mkojo wa mwenye duka mmoja aliyeteswa na maumivu ya mifupa. Mkojo ule ulikuwa na protini ya ajabu: ukiichemsha inayeyuka, ikipoa inarudi. Yai, unajua mwenyewe, ukilichemsha linaganda na halirudi tena. Alipima akaona protini nyingi mno inapotea kila siku. Mgonjwa alifariki siku ya mwaka mpya 1846, dawa haikuwepo.

Bence Jones alikufa 1873 bila kujua protini ile imetoka wapi. Mwaka 1962 ndipo Edelman na Gally walipoonyesha kuwa ni vipande vyepesi vya kingamwili. Seli za mailoma ndizo huvimwaga kupita kiasi.

Kwa hiyo madaktari hufuata protini hiyo hata baada ya upandikizaji. Haishuki kwa siku moja. Seli mbaya zinaweza kuwa zimekufa, lakini kingamwili aina ya IgG iliyokwisha kuingia kwenye damu huchukua kama wiki 3 kupungua nusu. Vipande vyepesi huondoka kwa saa chache, figo zikiwa nzima. Ndiyo sababu tathmini kubwa hufanywa karibu na siku ya 100.

Wakati mwingine hutokea protini mpya, ndogo, tofauti na ya mwanzo. Hii huwatisha wengi bure. Mara nyingi ni kinga ya mwili inajijenga upya. Daktari huitambua kwa kuilinganisha na ya kwanza, basi tunza karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa.

Ile ya mwanzo ikianza kupanda tena, mwulize daktari mapema. Na mgonjwa akipata homa, maumivu mapya ya mgongo au mkojo ukipungua, usingoje tarehe ya kliniki: mpeleke hospitali Babati siku hiyohiyo.