Mwepu Ilunga: Beki Aliyehukumiwa kwa Teke Moja

Wakati wa likizo huku Kiriba tuliwakuta vijana wameizunguka simu moja, wanacheka. Video ilimwonyesha beki wa Zaire akichomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili walikuwa hawajaupiga. Nasi tulicheka. Baadaye tuliona haya, maana tulimcheka mtu bila kuuliza alikuwa nani.

Mwepu Ilunga alizaliwa mwaka 1949. Alikuwa beki wa kulia wa TP Englebert ya Lubumbashi, mji wa Waswahili wenzetu wa Kongo. Timu hiyo, ambayo leo ni TP Mazembe, ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, na ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwezi Machi 1974 Zaire ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri. Miezi mitatu baadaye ilikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Huko mambo yaliharibika. Baada ya kufungwa 2–0 na Scotland, wachezaji walijua kwamba posho zao hazitalipwa. Yugoslavia ikawafunga 9–0. Katika mechi hiyo Mwepu alimpiga mwamuzi teke, lakini kwa makosa akatolewa Ndaye Mulamba. Hilo hatulifichi. Kisha, kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe, watu wa Rais Mobutu waliwatishia: wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani. Tarehe 22 Juni walifungwa 3–0. Lile teke lilipigwa siku hiyo. Mwamuzi alimpa kadi ya njano, na ulimwengu ukasema Mwafrika hajui sheria za mpira. Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri.

Tumlinganishe na mwenzake, Bwanga Tshimen. Huyu naye alikuwa beki wa Englebert, na mwaka 1973 alichaguliwa mwanasoka bora wa Afrika. Siku ile ya Brazili alikuwa uwanjani pia. Tuliwauliza wale vijana kama wanamjua Bwanga. Hakuna aliyemjua. Basi ubora wa mmoja umesahauliwa, na kosa la mwingine linachekwa hadi leo.

Darasani tunafundishwa kwamba tendo halipimwi bila kujua nia na mazingira yake, na kwamba tabia ya mtu haijengwi kwa tendo moja. Ni rahisi kuyaandika hayo kwenye mtihani. Kwenye simu tuliyasahau mara moja.

Mwepu alifariki Kinshasa mwezi Mei 2015. Parokiani petu nako wapo watu tunaowajua kwa kosa lao moja tu: aliyelewa harusini, aliyeacha seminari, aliyefungwa. Kabla hatujacheka tena, tuulize walikuwa wamebeba mzigo gani siku ile.