Mtu Aliyeitwa Biro

Hapa Gatuanyaga twaitisha biro dukani kama vile twaitisha chumvi, na wengi hawajui Biro ni jina la mtu. László Bíró alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899, akawa mwandishi wa magazeti. Kalamu za siku zile zilivuja, zikaharibu karatasi na hata shati. Akaona wino wa kuchapia magazeti hukauka haraka, lakini ni mzito, haushuki kwenye kalamu ya kawaida. Basi akatia gololi ndogo sana kwenye ncha: ikizunguka inabeba wino kidogo, ikitulia inaziba tundu. Wino wenyewe ulishughulikiwa na nduguye György, mkemia, ambaye mimi naona hatajwi vya kutosha.

Walikuwa Wayahudi. Sheria za kuwabana Wayahudi zilipopitishwa Hungaria mwaka 1938, László alitoka, akapitia Ufaransa mpaka Argentina. Huko akasajili kalamu iliyoboreshwa, mwaka 1943. Jeshi la anga la Uingereza liliichukua kwa sababu haikuvuja ndege ikiwa juu sana. Alifia Buenos Aires mwaka 1985. Waargentina huiita birome, jina lake limeunganishwa na la Meyne, rafiki aliyetoroka naye.