John Henry Taylor: Mbeba mifuko aliyeijengea heshima kazi ya gofu

John Henry Taylor, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa gofu waliopata kutokea England, anakumbukwa kwa kutwaa mara tano ubingwa wa Mashindano ya Wazi ya Uingereza. Hata hivyo, mchango wake uliodumu zaidi ni kuwaunganisha wachezaji wa kulipwa katika chama kimoja, wakati ambapo kazi yao haikuwa na ulinzi wala heshima.

Taylor alizaliwa Machi 19, 1871 katika kijiji cha Northam, Devon, kusini magharibi mwa England, katika familia ya kipato cha chini. Kando ya kijiji hicho, kwenye malisho ya pamoja yaliyo ufukweni, palikuwa na uwanja wa Westward Ho!, uliotumiwa na klabu ya watu wenye uwezo. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11, akajipatia riziki kwa kubeba mifuko ya wanachama wa klabu hiyo na kufanya vibarua. Alijaribu kujiunga na jeshi, akakataliwa kutokana na udhaifu wa macho na nyayo bapa. Mwaka 1891 alipata ajira katika uwanja wa Burnham, Somerset, na huko ndiko alikoanza maisha ya mchezaji wa kulipwa.

Mwaka 1894 Mashindano ya Wazi yalichezwa kwa mara ya kwanza nje ya Uskoti, katika uwanja wa Sandwich. Taylor, akiwa na umri wa miaka 23, aliibuka bingwa na kuwa mchezaji wa kulipwa wa kwanza kutoka England kupata taji hilo. Alilitetea mwaka 1895 huko St Andrews, akalitwaa tena mwaka 1900, 1909 na 1913. Ushindi wa mwisho aliupata Hoylake, katika upepo mkali na mvua, akiwa na umri wa miaka 42. Kati ya mwaka 1894 na 1914, yeye pamoja na Harry Vardon na James Braid walitwaa mataji 16 kati ya 21 yaliyoshindaniwa.

Pamoja na umaarufu huo, mchezaji wa kulipwa wa zama hizo alihesabiwa kuwa mtumishi wa klabu. Alifundisha wanachama, alitengeneza na kukarabati fimbo, na aliuza mipira katika duka dogo kando ya uwanja, lakini hakuruhusiwa kuketi pamoja na wanachama katika jengo lao. Sehemu kubwa ya kipato chake ilitokana na duka hilo, na baadhi ya klabu zilipoanza kuyachukua maduka hayo, familia nyingi zilikabiliwa na hatari ya kukosa riziki.

Ili kukabiliana na hali hiyo, mwaka 1901 wachezaji hao waliunda chama chao, Taylor akiwa mwenyekiti wa kwanza na Braid nahodha. Chama kiliwasaidia wanachama waliopatwa na shida, kiliwatafutia ajira na kuandaa mashindano. Shindano la kwanza, lililofanyika Tooting Bec mwaka huohuo, lilishindwa na Taylor mwenyewe.

Taylor aliamini pia kwamba gofu haikustahili kuwa mchezo wa wenye mali pekee. Alishiriki kubuni uwanja wa umma wa Richmond Park, London, uliofunguliwa mwaka 1923, ambako mwananchi wa kawaida aliweza kucheza kwa kulipa ada ndogo. Mwaka 1933 aliiongoza timu ya Uingereza katika Kombe la Ryder huko Southport, akiwaamuru wachezaji wake wafanye mazoezi ufukweni asubuhi na mapema. Uingereza iliishinda Marekani kwa pointi 6½ dhidi ya 5½.

Mwaka 1957 klabu ya Westward Ho!, ileile ambayo wanachama wake aliwabebea mifuko utotoni, ilimchagua kuwa rais wake. Alifariki dunia Februari 10, 1963 akiwa na umri wa miaka 91, katika kijiji kilekile cha Northam. Chama alichokiasisi kipo hadi leo.