Jean-Henri Fabre na Siri ya Nondo

Bila shaka umewahi kuwaona nondo wakiizunguka taa usiku. Nondo hufanana na kipepeo, lakini mwili wake ni mnene zaidi, na wengi wao huruka usiku. Vipapasio vya kipepeo vina kirungu nchani. Vya nondo kwa kawaida havina, na vya madume wengi hufanana na unyoya wa ndege.

Je, nondo dume humpataje jike katika giza? Mtu mmoja aliyelichunguza swali hilo kwa miaka mingi alikuwa Mfaransa aitwaye Jean-Henri Fabre.

Fabre alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa kijana alifanya vibarua ili apate chakula, kisha akapata nafasi katika chuo cha ualimu mjini Avignon. Alifundisha shule kwa miaka mingi, huku akijiendeleza mwenyewe. Mwaka 1879 alinunua kiwanja chenye mawe na miiba karibu na kijiji cha Sérignan. Ardhi hiyo haikufaa kwa kilimo, lakini Fabre aliipenda kwa sababu ilijaa wadudu.

Asubuhi moja ya mwezi Mei, nondo jike wa aina iliyo kubwa kuliko zote za Ulaya alitoka katika kifukofuko juu ya meza ya Fabre. Fabre akamfunika kwa wavu wa waya. Ilipofika yapata saa tatu usiku, mtoto wake Paul akamwita kwa kelele. Nondo wakubwa walikuwa wameingia chumbani mwake! Fabre akawasha mshumaa, wakaenda pamoja katika chumba cha kazi. Humo waliwakuta madume wakiruka kuuzunguka wavu. Nyumba nzima waliingia nondo wapatao 40.

Usiku ule ulikuwa wa giza na mawingu, na nyumba ilizungukwa na miti. Je, madume waliongozwa na macho? Fabre alimhamisha jike kila siku na kumficha mahali pengine, lakini madume walimpata. Basi hawakuongozwa na macho. Kisha akamtia jike katika masanduku ya bati na ya mbao yaliyozibwa kabisa. Hakuja dume hata mmoja. Sanduku lilipoachwa na upenyo mdogo, madume walikuja.

Fabre alitaka kuhakikisha jambo hilo kwa nondo wa aina nyingine. Mtoto mmoja aliyeuza mboga alimletea kifukofuko, na humo akatoka jike. Siku ya tatu madume wapatao 60 walikuja mchana. Lakini ndani ya wavu huohuo Fabre alikuwa amemweka vunjajungu, naye akamla yule jike. Uchunguzi ukakatika. Fabre alitafuta jike mwingine kwa miaka mitatu kabla ya kumpata.

Safari hii alimwacha jike akae juu ya tawi la mwaloni. Baadaye akamhamishia katika chombo cha kioo kilichofungwa, akakiweka dirishani. Tawi akaliweka pembeni, mbali na jike. Madume walipofika, walimpita jike aliyeonekana wazi, wakalikusanyikia tawi tupu! Jike alikuwa ameacha kitu juu ya tawi, na hicho ndicho kilichowaita.

Hata hivyo jambo moja lilimsumbua Fabre. Pua yake haikunusa chochote. Tena, alipojaza chumba harufu kali ya naftalini, madume walikuja vilevile. Fabre alifariki mwaka 1915 kabla fumbo hilo halijafumbuliwa lote.

Mwaka 1959 mwanakemia Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walifaulu kuitambua kemikali ya namna hiyo. Walitumia nondo wa hariri majike wapatao 500,000 ili kupata kiasi kidogo sana. Kemikali ambayo mdudu huitoa ili kumpasha habari mwenzake huitwa feromoni. Vipapasio vya dume hutambua feromoni ya jike wa aina yake, hata kama harufu nyingine zimejaa hewani.

Siku hizi feromoni hutiwa katika mitego. Katika Afrika ya Mashariki mitego hiyo hunasa nondo wanaotaga mayai ya viwavijeshi. Mkulima huwahesabu nondo walionaswa. Wakiongezeka, hujua kwamba viwavi wanakuja, naye hujiandaa kabla mahindi yake hayajaliwa.

Mambo ya kufanya

Usiku usio na mwezi, mkiwa na mtu mzima, tandazeni shuka jeupe bustanini na kuliwekea taa. Chora kila nondo anayetua. Andika rangi yake, ukubwa wake, alama za mabawa, na umbo la vipapasio. Rudia mwezi ujao. Je, umeona aina zilezile?

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya nondo na kipepeo.
2. Fabre alijuaje kwamba madume hawakuongozwa na macho?
3. Kwa nini madume walilikusanyikia tawi tupu?
4. Kwa nini Fabre alirudia uchunguzi wake kwa nondo wa aina nyingine?
5. Mtego wa feromoni humsaidiaje mkulima?